Mijivu ya Meza ya Pili

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Sindano alimsaidia baba yake kuita mahudhurio kitaluni. Sindano halikuwa jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Alilipata kwa wembamba wake na wepesi wa kupita penye upenyo wowote, nalo lilimganda hivi kwamba hata mwalimu wake alipokasirika alilisahau lile la kweli.

Kitalu kilikuwa nyuma ya kituo cha utafiti wa mimea. Kilikuwa eneo dogo lililofunikwa kwa wavu mweusi wa kivuli, lenye meza mbili ndefu za mbao. Juu ya meza hizo ilipangwa miche, kila mmoja ndani ya kiriba chake cha plastiki, na kila kiriba kilikuwa na namba. Baba alikuwa mtunza kitalu kwa miaka kumi na miwili, na sasa macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kwa hiyo Sindano alisoma namba, naye baba, akiinamisha debe la kumwagilia, aliukagua mche na kuujibia.

"Nane."

"Nipo, mwalimu."

"Tisa."

"Nipo, ila nina kiu."

Walifanya hivyo tangu Sindano alipojua kusoma. Mama, aliyekuwa akichemsha chai ng'ambo ya ua, alikuwa akisema kwamba ameolewa na mwendawazimu akamzalia mwingine.

Miche mingi ilikuwa ya kawaida, ya kuzuia mchanga usihame. Lakini mwaka huo palikuwa na mmea mmoja uliozungumzwa kituoni kama mgonjwa aliye mahututi. Ulikuwa mjivu, kichaka cha jangwani kisichozidi kimo cha mtoto mdogo, chenye majani membamba ya rangi ya majivu yanayonuka uchungu yakipondwa. Zamani mijivu ilienea tambarare nzima. Watu waliikata kuni, mbuzi wakamaliza machipukizi, na iliyobaki ilikuwa thelathini tu, ndani ya korongo moja, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila mmoja ulifungwa kibati chenye namba. Mwingine mmoja ulisimama kando ya pampu ya zamani, karibu na nyumba za watu, lakini huo vitawi vyake vilikwisha kuchukuliwa na kuoteshwa makao makuu.

Mtafiti wa kituo, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, watu walimwita Daktari wa Miti. Alipohamia hapo, jirani mmoja alimpelekea mtoto mwenye homa, akarudishwa kwa upole na kuelekezwa zahanati. Daktari huyo alikuwa ameandika barua nyingi kuomba korongo liachwe. Hakupewa korongo, alipewa wiki mbili tu. Baada ya hapo machimbo ya kokoto yangeingia humo na mashine zake.

"Kwa nini lazima iwe yote thelathini?" Sindano alimuuliza siku moja. "Si ukichukua mmoja unaweza kuuzalisha ukawa mingi?"

Daktari alimuuliza kama mafua yakiingia darasani kwao wanaugua wote. Sindano akasema hapana, kuna wengine hayawapati kabisa.

"Basi na mijivu ni hivyo. Kwa macho inafanana, lakini kila mmoja una urithi wake ndani. Mmoja unavumilia ukame mrefu, mwingine baridi ya alfajiri, mwingine mizizi yake haiozi upesi. Upi una nini hatujui, mpaka shida ije. Tukibaki na mmoja, shida moja inatosha kuumaliza."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesikiliza kwa sikio moja. Jingine lilikuwa kwa wenzake waliokuwa wakiruka kamba nje ya uzio.

Siku mbili baadaye baba aliteleza kwenye mawe ya korongo, akarudi akichechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Daktari alikuwa amesafiri kwenda kuliombea korongo kwa mara ya mwisho. Zilibaki siku tano. Shule zilikuwa zimefungwa, na Sindano aliijua njia, kwa hiyo baba alimkalisha chini, akamfundisha kazi. Kila mti ulitaka vitawi vitatu, urefu wa kalamu, vikunjwe kwenye kipande cha gunia kilicholoweshwa, viwekwe mfukoni. Namba ya mfuko ilitakiwa kuwa ile ya kibati. Mkasi ulipaswa kufutwa kwa spiriti kabla ya kwenda mti mwingine.

"Mti mmoja, mfuko mmoja," baba alisema. Akamwambia arudie maneno hayo, naye akarudia.

Mama hakupenda mtoto aende peke yake, ikaamuliwa afuatane na binti wa mjomba wake, mkubwa wake kwa mwaka mmoja, aliyeitwa Kipaza kwa sababu siri ikimwingia sikioni ilitokea mdomoni hapohapo. Siku tatu, mijivu kumi kila siku.

Siku ya kwanza walifanya kazi kweli. Walitoka na umande, wakafika jua likiwa bado na huruma, wakapanda na kushuka kingo za korongo wakitafuta vibati. Namba moja ilikuwa chini ya jabali. Namba saba iliota mahali ambapo Sindano alilazimika kulala kifudifudi ili kuifikia. Waliporudi, kisigino chake kilikuwa kimechubuka, malengelenge yamepasuka, na Kipaza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema.

Siku ya pili walisimama kwenye pampu ya zamani kujaza maji. Sindano alivua kiatu akakitazama kisigino chake. Kisha akautazama mjivu uliokuwa hapo. Ulikuwa mnene na wenye afya, matawi yake yamejipanga kama nywele zilizochanwa.

"Mjivu si mjivu?" alisema.

Kipaza alimtazama usoni kuona kama anatania. "Na vibati?"

"Namba naandika mimi."

Alikata vitawi thelathini vya kwanza upesi upesi, akavigawanya kwenye mifuko kumi, akaandika kumi na moja hadi ishirini kwa mwandiko wake mzuri. Mkasi hakuufuta, ya nini, na mti ulikuwa uleule? Kisha wakakaa kwenye kivuli cha kibanda cha pampu wakicheza kete kwa vijiwe, wakisubiri saa ya kurudi ifike. Kabla ya kuondoka, Sindano alichota vumbi akajipaka miguuni hadi magotini, ili safari ionekane. Siku ya tatu wakafanya hivyohivyo, mpaka namba thelathini.

Jioni ile baba alimpokea mlangoni. Akajikokota na mguu wake mbovu, akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akaketi chini na kuanza kumwosha mwanawe miguu. Aliliosha lile vumbi taratibu, kidole kwa kidole. "Umenitoa aibu, mwanangu," alisema. Sindano aliangalia ukutani.

Siku chache baadaye baruti zilianza kulia upande wa korongo. Vikombe vilitikisika kabatini. Kila mlipuko ulipotokea, Sindano alijikuta akihesabu bila kutaka: kumi na moja, kumi na mbili.

Vitawi vyote viliota. Namba moja hadi kumi vilikaa meza ya kwanza, viriba thelathini. Namba kumi na moja hadi thelathini vilikaa meza ya pili, viriba sitini. Hiyo meza ya pili ilipendeza zaidi. Miche yake ilikua pamoja, ikachipua pamoja, kimo kimoja, kama askari kwenye gwaride, na wageni walipokuja waliipiga picha. Baba aliionyesha kwa fahari na kusema kwamba ni kazi ya binti yake. Kila asubuhi mahudhurio yaliendelea. Ila Sindano alipofika kumi na moja sauti yake ilishuka, na baba akadhani mtoto anakua, ameanza kuona haya michezo ya utotoni.

Miezi minane ilipita. Asubuhi moja Sindano alisoma, "Kumi na nne," na baba hakujibu. Alikuwa ameinama, amekishika kiriba. Majani ya mche yalikuwa yamelegea, na shina, karibu na udongo, limegeuka jeusi. Akaenda kwenye kiriba kilichofuata, na kilichofuata. Debe likabaki mkononi mwake likichuruzika maji miguuni.

Kwa siku tisa meza nzima ya pili ilikufa. Sio mmoja mmoja. Ilianguka kama iliyopewa amri. Baba hakula vizuri siku hizo. Alihamisha viriba, alipunguza maji, alikaa kitaluni mpaka mama akamfuata huko na sahani. Meza ya kwanza ilikuwa bado imesimama.

Mkaguzi alikuja kutoka makao makuu, mwanamume mwenye miwani na daftari. Alichomoa mche mmoja, akaikuta mizizi imeoza. Kisha akatoa hoja yake mbele ya Daktari na baba, na Sindano, aliyekuwa akifagia njia ya kitalu, akaisikia yote. Mijivu ishirini tofauti, alisema, haiwezi kuugua kwa siku moja na kufa kwa namna moja. Kama ungekuwa ugonjwa, ingekufa mingine ikapona mingine. Meza moja ikifa nzima na nyingine ikabaki, basi kosa liko kwenye meza, na la kwenye meza ni la mkono wa mtu. Mtunza kitalu amezidisha maji. Macho yake yameisha, haoni udongo uliolowa.

Baba alisema kwa sauti ndogo kwamba amemwagilia kama siku zote. Mkaguzi hakugombana naye. Alimwomba tu ufunguo wa kitalu.

Baba alichukua muda kuutoa kwenye kamba aliyoivaa shingoni. Ulikuwa umekaa hapo miaka kumi na miwili, na kamba ilikuwa imemwachia alama.

Siku iliyofuata hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye kigoda uani, akinoa mkasi uliokuwa mkali tayari. Mama alimpelekea chai, ikapoa. Sindano aliiona ile alama shingoni mwake.

Alimtafuta Kipaza. Alimkuta akianika nguo, akamwambia kwamba anataka kusema.

"Nyamaza tu," Kipaza alinong'ona. "Majani hayasemi. Na korongo lenyewe halipo, nani ataenda kuangalia?"

"Baba amenyang'anywa ufunguo."

"Atapewa kazi nyingine. Sindano, ukisema watakuua."

Lakini Kipaza mwenyewe alikuwa akilia, na nguo aliyoishika ilikuwa imeburuta chini kwenye mchanga bila yeye kujua.

Sindano alipiga moyo konde. Hakwenda kwanza kwa Daktari; alikwenda kwa baba. Alisimama mbele ya kigoda, mikono nyuma.

"Baba, meza ya pili haikuwa mijivu ishirini. Ulikuwa mmoja. Ule wa pampu."

Jiwe la kunolea lilisimama. Sindano akaeleza yote: kisigino, mifuko, mwandiko, vijiwe. Alipofika kwenye vumbi alilojipaka miguuni, uso wa baba ukabadilika kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo Sindano aliposhindwa kuendelea. Alitamani apigwe. Baba aliinuka tu, akavaa viatu. "Twende," akasema.

Daktari, aliyekuwa ofisini pamoja na mkaguzi, alimsikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Alipoondoa mikono, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alianza na kazi. Alimgeukia mkaguzi.

"Basi si maji. Ni ugonjwa wa kuoza mizizi, na ule ulikuwa mti mmoja uliopewa namba ishirini tofauti. Ulipouweza mmoja, uliiweza yote. Na kama ni ugonjwa, uko kwenye udongo, uko kwenye debe, na sasa hivi uko njiani kwenda meza ya kwanza."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akakunja mikono ya shati.

Walifanya kazi mpaka jua likashuka. Walitoa viriba vyote vya meza ya kwanza, wakabadilisha udongo, wakachoma uliokuwa wa zamani, wakaosha meza kwa dawa. Baba ndiye aliyeongoza. Mizizi ya namba mbili, tano, sita na tisa ilikuwa imeanza kuwa myeusi, na katika siku zilizofuata hiyo yote ilikufa. Mijivu mingine sita ikabaki hai. Kama wangechelewa siku chache, Daktari alisema, labda isingebaki hata hiyo. Mkaguzi alimrudishia baba ufunguo mbele ya wafanyakazi wote, akamwomba radhi. Baba aliuvaa bila kutabasamu.

Kulikuwa na jambo moja la kujaribu. Siku ya tatu, Daktari, baba na Sindano walikwenda machimboni. Msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ya chuma, alisema hawana cha kuona humo isipokuwa mawe, lakini aliwapa muda wa mapumziko ya mchana, kabla ya baruti inayofuata.

Sindano hakulitambua korongo. Palikuwa na shimo jeupe, pana, linaloumiza macho, na jabali lililokuwa juu ya namba moja halikuwepo. Ukingo wa mashariki tu ndio ulikuwa bado haujaguswa, ukining'inia. Huko juu palikuwa na madoa matatu ya kijivu.

Walipanda hadi juu ya ukingo, na baba akamfunga Sindano kamba kiunoni, akakagua fundo mara tatu, akaketi na kukita mguu wake mzima kwenye mwamba. "Usitazame chini," alisema. "Mti mmoja, mfuko mmoja."

Sindano alishuka, kifua kikigusa ukingo. Kibati cha kwanza kilisomeka kumi na saba. Mmea ulikuwa umechakaa, umejaa vumbi la mawe, nusu ya mizizi ikiwa hewani. Alikata vitawi vitatu, akaandika namba, akafuta mkasi kwa spiriti. Kisha ishirini na mbili. Kisha ishirini na tisa, ambayo alilazimika kuifikia kwa vidole vya mwisho, mchanga ukimwingia machoni, na kamba ikimkata mbavuni. Huko juu alisikia baba akihema.

Walipokuwa wakiondoka alikiona kibati kingine kwenye kifusi, kimekunjika. Alikiokota akakinyoosha kwa kidole gumba. Kumi na nne. Alizunguka akitafuta mti wake mpaka king'ora kikalia na msimamizi akawaita watoke.

Kwenye pampu ya zamani Daktari aliwasimamisha, wakakata vitawi vya ule mjivu mnene, na Sindano akauandikia mfuko jina lake la kweli: Mjivu wa Pampu. Hapo akauliza kama ile mijivu kumi na saba iliyopotea inaweza kupatikana mahali pengine popote duniani.

"Hapana," Daktari alisema. "Singependa kukudanganya. Huenda katika hiyo ulikuwamo mmoja ambao ugonjwa huu usingeuweza kabisa. Hatutajua."

Sindano alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba alingoja amalize. Kisha akaketi kwenye kizingiti cha kibanda cha pampu, palepale alipokuwa amecheza kete, akamwita karibu.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungerudi ukaniambia, baba, kisigino kimeuma, nimepata kumi tu, ningekodi punda, ningeomba majirani, ningetambaa. Siku zilikuwa bado zipo. Lakini ulipoandika namba ya uongo, kila aliyekuja nyuma yako aliijenga kazi yake juu yake. Mimi niliamini, Daktari akaamini, mkaguzi naye akapiga hesabu zake sawasawa akapata jibu baya. Uongo wa kazini hauishii kwako. Unamfunga macho kila anayekutegemea. Na ukweli uliouleta juzi, ingawa ulichelewa, umeokoa mijivu sita. Kwa hiyo siku nyingine usingoje mpaka baba yako avuliwe ufunguo."

"Sitangoja, baba."

"Najua." Akauweka mkono kichwani mwake, kwa muda mfupi, kisha akaegemea bega lake ili ainuke.

Mvua haikunyesha mwaka huo, lakini vitawi vya ukingoni viliota, na wa pampu pia. Daktari alitaka kuondoa viriba vitupu, baba akamwomba aviache vile vya namba zilizopotea, kimoja kwa kila namba, na udongo mkavu ndani. Kibati cha kumi na nne kilifungwa kwenye kiriba chake.

Asubuhi, kabla ya sare za shule, mahudhurio yaliitwa tena.

"Kumi."

"Nipo, mwalimu."

"Kumi na moja."

Baba alisimama na debe lake, hakumwaga maji. Sindano alingoja kidogo, kama mwalimu anavyongoja, kisha akasoma namba iliyofuata.

"Kumi na mbili."

Hakuna aliyejibu. Hakuiruka hata moja, mpaka alipofika kumi na saba.

"Nipo," baba alisema.